Uzi: Maabara ya kompyuta ya mbali hapa Arua, seva moja, wanafunzi 60. Mipangilio niliyobadilisha mpaka ikakubali

Mwalimu_WestNile (Arua) · Ijumaa, saa 2:10 usiku

Habari za jioni wakuu. Nafundisha kompyuta kwenye chuo kimoja cha ufundi hapa Arua, Uganda. Chumba cha maabara tunacho, meza tunazo, ila kompyuta zinazowaka ni 11 na wanafunzi wangu ni 60. Tangu shule zilipofungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022, nimekuwa nikijiambia lazima nipate njia ya mwanafunzi kufanya zoezi akiwa Koboko au Yumbe bila kunisubiri mimi na ufunguo wa mlango. Mwaka huu chuo kikapata seva ya mtumba: RAM GB 32, kori 8. Nikaiwekea Ubuntu 22.04 (Linux) na xrdp, programu inayomwezesha mtu kutumia desktopu ya seva akiwa mbali. Kila mwanafunzi ana akaunti yake, anaingia kwa programu ya desktopu ya mbali kutoka kwenye simu, laptopu ya kaka yake, au intaneti kafe.

Wiki ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Wakiingia tisa tu, kipanya kinajikokota. Mmoja aliniandikia: "Mwalimu, nimebonyeza menyu, nikaenda kununua rolex ya chapati na mayai, nimerudi ndiyo inafunguka." Nikaona seva ni dhaifu, nikaandika barua ya kuomba RAM zaidi. Kabla sijaipeleka kwa mkuu wa chuo nikachungulia: prosesa imekaa inapumzika, RAM nusu haijaguswa. Mashine haikuwa na kosa. Njia ndiyo iliyoziba.

Fanyeni hesabu hii. Skrini ya 1920 kwa 1080 yenye rangi za biti 32, picha moja nzima kabla haijabanwa ni kama MB 8.3. Ishushe iwe 1280 kwa 720 na biti 16, unapata MB 1.8. Najua programu hutuma vile vipande vilivyobadilika tu, tena huvibana. Lakini mtoto akitelezesha ukurasa, karibu kila kipande kinabadilika. Halafu ile desktopu ya GNOME inayokuja na Ubuntu ina vivuli, ina menyu zinazoingia kwa madaha, na kila daha moja ni picha kadhaa zinazosafiri mpaka Yumbe kwa bando alilonunua mzazi.

Kwa hiyo nikaiacha GNOME, nikaweka XFCE, desktopu nyepesi. Kwenye nyumba ya kila mtumiaji kuna faili .xsession lenye neno moja tu, startxfce4. Nikazima ile kazi ya vivuli na uangavu kwenye mipangilio ya madirisha. Kisha nikatengeneza faili moja la .rdp, lenye mipangilio ya kuunganisha, nikalisambaza kwenye grupu la WhatsApp la darasa, wenye Windows walifungue hivyo hivyo:

desktopwidth:i:1280
desktopheight:i:720
session bpp:i:16
compression:i:1
bitmapcachepersistenable:i:1
connection type:i:2
networkautodetect:i:0
disable wallpaper:i:1
disable full window drag:i:1
disable menu anims:i:1
disable themes:i:1
allow font smoothing:i:0
audiomode:i:2
redirectprinters:i:0
autoreconnection enabled:i:1

Sitaeleza yote. Ule wa bitmapcache unahifadhi vipande vya picha kwenye diski ya mwanafunzi, ili aikoni aliyoiona jana isitumwe tena leo. Ule wa "full window drag" unaiomba seva dirisha likiburutwa lionekane mstari wa nje tu mpaka uliachie. Audiomode 2 ni kuzima sauti kabisa, kwa sababu hakuna somo langu linalohitaji kengele za kompyuta.

Ule wa font smoothing naujutia. Herufi zikawa na meno kama msumeno, na kuna binti mmoja wa macho mabovu akaniambia kwa adabu kwamba anaumwa kichwa. Nimeurudisha kuwa 1. Kuna vitu havifai kubaniwa.

Nitaendelea kesho, umeme unachezacheza.

---

BodaByte (Kampala) · Ijumaa, saa 3:02 usiku

Mwalimu, heshima yako, ila kwenye biti 16 nakupinga. Kodeki ya RemoteFX, yaani njia yake ya kubana picha, inataka biti 32. Ukiilazimisha programu ya mwanafunzi itumie 16 unaizima kodeki hiyo, unarudi kwenye ubanaji wa zamani. Kwa xrdp hata hiyo connection type inahusika, ukiweka ya mtandao dhaifu haikupi RemoteFX, inataka ile ya LAN (mtandao wa ndani). Kwa hiyo unaweza kukuta umepunguza rangi na data haijapungua.

Halafu kwa nini hukuweka Windows Server yakaisha?

---

Mwalimu_WestNile · Ijumaa, saa 3:20 usiku

Umeme bado upo, nijibu haraka.

La Windows: bila kuweka huduma ya Remote Desktop Services unapata sesheni mbili tu za msimamizi. Ukiiweka, kila mwanafunzi anahitaji leseni yake, na muda wa kujaribu ni siku 120. Wanafunzi 60, ndugu yangu. Mhasibu wetu angenifukuza ofisini.

La biti 32: una haki, nilijaribu. Nilikaa nyumbani na laptopu kwa data ya simu, kwenye seva nikafungua iftop inayopima data inayopita, nikafanya zoezi moja kwa njia zote mbili. Kwenye jedwali la Calc sikuona tofauti ya maana. Kwenye GIMP, picha za rangi nyingi, 32 na RemoteFX ilishinda waziwazi. Lakini hapo seva inabana picha kwa prosesa yenyewe, na wakiwa 20 pamoja kori zangu nane zinaanza kulia. Somo langu kuu ni jedwali na uandishi wa barua, kwa hiyo nimebaki na 16. Anayefundisha usanifu wa picha asinifuate.

---

BodaByte · Ijumaa, saa 3:24 usiku

Sawa, hapo umenijibu. Ila Ubuntu 22.04 ina xrdp ya 0.9. Toleo la 0.10 lililotoka 2024 limeleta GFX, njia mpya ya kutuma picha. Ukipata wikendi tulivu, lijaribu kwenye mashine ya pembeni. Si kwenye hiyo yenye wanafunzi!

---

MamaKibodi (Mbale) · Jumamosi, saa 1:15 asubuhi

Mwalimu, asante sana. Mimi nafundisha ukatibu, na tuna mpango kama wako ila watu ni 24. Mtandao hausumbui, sisi tuko mjini. Linalonitoa jasho ni hili: kila Jumatatu wanafunzi wanalia kwamba faili limefungwa. LibreOffice inamwambia faili linatumiwa na mtu mwingine, na jina linaloonyeshwa ni la mwanafunzi mwenyewe! Firefox nayo inadai tayari inafanya kazi wakati haionekani popote. Mmoja ameshaamini mwenzake anamwibia nenosiri, wakagombana mpaka nikawapeleka kwa mlezi wa wanafunzi. Nimebadilisha manenosiri yote mara mbili.

---

FundiKatwe (Kampala) · Jumamosi, saa 2:40 asubuhi

Shikamoo mama. Hao watoto waombane radhi, hakuna mwizi hapo. Nijibu mawili: Ijumaa wanatumia kompyuta za chuo? Na Jumapili nyumbani wanatumia nini?

---

MamaKibodi · Jumamosi, saa 2:55 asubuhi

Marahaba mwanangu. Ijumaa ni kompyuta za chuo. Nyumbani wengi ni simu.

---

FundiKatwe · Jumamosi, saa 3:10 asubuhi

Basi nimempata. Kompyuta za chuo umeziwekea biti 16, sivyo? Na ile programu ya kwenye simu hakuna aliyeigusa, iko 32.

xrdp ikipokea mtu inauliza: huyu nina sesheni yake ya zamani nimrudishe? Kuijua sesheni inalinganisha jina la mtumiaji PAMOJA na biti za rangi. Biti zikitofautiana, kwake huyo ni mgeni, inamfungulia sesheni mpya. Ile ya Ijumaa bado iko hai ndani ya seva, na LibreOffice imefunguka humo, imeshikilia faili. Mtoto mmoja ana vyumba viwili na funguo za cha kwanza hazioni. Kila sesheni ina Xorg yake, andika hii kwenye seva uone mwenyewe:

ps aux | grep Xorg

Utakuta jina moja linajirudia.

---

MamaKibodi · Jumamosi, saa 3:31 asubuhi

Mungu wangu. Nina wanafunzi 24 na hizo Xorg ni 41.

---

Mwalimu_WestNile · Jumamosi, saa 4:05 asubuhi

FundiKatwe, hilo hata mimi lilikuwa linanila RAM nikidhani ni Firefox. Nimeangalia kwangu, majina saba yana sesheni mbili mbili.

Mama, dawa ni pande mbili. Kwanza kila kifaa kiwe na biti zile zile, simu na kompyuta, andika kwenye karatasi ubandike ukutani. Hata ile max_bpp kwenye /etc/xrdp/xrdp.ini unaweza kuiweka 16, asiyesikia atashushwa kwa nguvu. Pili, fungua /etc/xrdp/sesman.ini, sehemu ya Sessions:

KillDisconnected=true
DisconnectedTimeLimit=3600
IdleTimeLimit=0

Hizo 3600 ni sekunde, yaani saa moja. Niliwahi kuweka 300 kwa uroho wa RAM. Umeme ukakatika Nebbi, mtoto akakaa dakika ishirini gizani, aliporudi kazi yote imefutika. Sesheni ikiuliwa hivyo hakuna anayeulizwa kama amehifadhi. Kwa nchi yetu saa moja ni ya kiungwana. Na LibreOffice ipangie ijihifadhi kila dakika 3, yenyewe huja na dakika 10.

Ukimaliza uanzishe upya xrdp na xrdp-sesman, mchana wa Jumapili watu wakiwa hawapo.

---

Mpakani_Malaba (Malaba) · Jumamosi, saa 6:20 mchana

Mnazungumzia rangi, mimi nataka kujua porti. Wanafunzi wenu wanafikaje kwenye seva? Msije mkaniambia mmefungua 3389, porti ya desktopu ya mbali, kwa dunia nzima.

Mwaka juzi jamaa yangu mwenye kafe alifungua hiyo porti kwenye ruta ili aangalie mahesabu akiwa nyumbani. Nenosiri lilikuwa jina la mtoto wake na mwaka. Hakumaliza wiki. Asubuhi alikuta mafaili yote yana majina ya ajabu na karatasi ya kudai pesa kwenye skrini. Hakuna aliyemlenga yeye kama yeye, ni mashine zinazozunguka dunia zikigonga kila mlango wa 3389.

---

Mwalimu_WestNile · Jumamosi, saa 7:00 mchana

Nilianza hivyo hivyo, nakiri mbele ya kadamnasi. Siku mbili tu. Nilipofungua /var/log/xrdp-sesman.log nikakuta watu wanajaribu kuingia kwa jina la "administrator", na mimi Linux yangu haina hata huyo mtu. Nikafunga.

Sasa tunapita WireGuard, VPN yetu ya kufika kwenye seva. Kila mwanafunzi ana ufunguo wake, anaupiga picha kwa simu kwenye ile alama ya mraba (QR), basi. Kwenye faiawoli ya seva, 3389 inakubali anwani za WireGuard tu. Na kwenye sesman.ini AllowRootLogin, ruhusa ya msimamizi mkuu kuingia, nimeiweka false, maana huja ikiwa true.

Mambo mawili yalinisumbua. La kwanza, kwenye data ya simu wengine waliingia WireGuard vizuri, wakaandika nenosiri, kisha skrini nyeusi, wanasubiri mpaka inakatika. Pakiti kubwa zilikuwa hazipiti. Nikashusha MTU, yaani ukubwa wa pakiti, kwenye simu zao kutoka 1420 mpaka 1280, skrini ikaja. Na PersistentKeepalive nimeiweka 25, simu itume salamu kila sekunde 25, la sivyo mtandao wa simu unasahau njia mtu akinyamaza kidogo.

La pili ni letu sisi Waganda.

---

BodaByte · Jumamosi, saa 7:04 mchana

VPN juu ya VPN 😂

---

Mwalimu_WestNile · Jumamosi, saa 7:11 mchana

Eh, umejua. Watu walizoea VPN tangu ile kodi ya mitandao ya kijamii ya Julai 2018, na Facebook ilipofungwa Januari 2021 ndiyo ikawa kawaida kabisa, simu inalala na kuamka na VPN. Android inaruhusu VPN moja tu kwa wakati mmoja. Ukiwasha WireGuard, ile nyingine inazimika. Mwanafunzi anakuja: "Mwalimu, maabara yako inaua Facebook yangu." Anairudisha Facebook, maabara inakatika, anasema seva ni mbovu.

Kuna dawa nusu: kwenye mipangilio ya WireGuard ya simu zao AllowedIPs ni anwani za maabara peke yake, kwa hiyo data yao nyingine haipiti kwangu. Bando la chuo linapona, lakini bado ni VPN moja. Kwa wabishi nimeweka Apache Guacamole, wanaingia kwa kivinjari tu, kupitia porti 443 yenye cheti. guacd, injini yake, iko porti 4822 na haitoki nje ya seva. Humo ndani kila muunganisho una mipangilio yake: color-depth 16, disable-audio nimewasha, enable-wallpaper nimeiacha tupu. Kwenye simu ukivuta kidole kutoka ukingo wa kushoto inaleta menyu ya kuchagua kibodi na kipanya.

Ni nzito kidogo kuliko xrdp moja kwa moja. Lakini aliyeko kafe ya watu, ambako haruhusiwi kusakinisha chochote, anafanya kazi.

---

Aber_wa_Lira (mwanafunzi) · Jumamosi, saa 10:45 jioni

Shikamooni walimu. Samahani kuingilia. Sisi chuoni kwetu tuna kitu kama hiki, nenosiri langu linakubali kwenye simu na kwenye kompyuta ya maabara linakataa. Nimebadilishiwa mara tatu. Nenosiri lina @ ndani.

---

FundiKatwe · Jumamosi, saa 11:02 jioni

Marahaba dada. Hiyo @ ndiyo yenyewe. Kwenye kibodi ya Uingereza @ na alama za kunukuu zimebadilishana nafasi na kibodi ya Marekani. Kompyuta yenu imepangwa ya Uingereza huku kibodi iliyochomekwa ni ya Marekani, au kinyume chake. Unabonyeza @, seva inapokea alama nyingine, wewe unaona vidoti tu. Jaribu hivi: andika nenosiri kwenye sehemu ya jina la mtumiaji, uone kinachotokea, kisha ufute haraka. Mwambie mwalimu wako alinganishe lugha ya kibodi.

---

Aber_wa_Lira · Jumatatu, saa 3:15 asubuhi

Ilikuwa inaandika ". Asante sana kaka.

---

BodaByte · Jumatatu, saa 5:30 asubuhi

Swali la kichokozi: kwa nini hii seva iko stoo Arua na umeme wake wa shida, usikodi tu mashine Ulaya?

---

Mwalimu_WestNile · Jumatatu, saa 7:40 mchana

Nilikodi mwezi mmoja. Umeme haukatiki, kweli. Lakini nchi yetu haina bahari, mtandao wetu unatoka kupitia Mombasa au Dar es Salaam halafu ndiyo uvuke. Kusoma tovuti hutasikia, ila desktopu ya mbali kila herufi unayobonyeza inakwenda mpaka huko na picha yake irudi ndipo uione. Unapiga "barua" unaona "bar", unafikiri hujabonyeza, unarudia, inakuja "baruaua". Wanaojifunza kuchapa wanakata tamaa. Seva ikiwa ndani ya nchi, mitandao yetu inakutana Kampala pale UIXP na safari ni fupi. Hilo huwezi kulitibu kwa kupunguza rangi.

Tena ile seva ya Ulaya ndiyo iliyonipa aibu kubwa kuliko zote. Nilitaka sesheni zote zifungwe saa 11 alfajiri, usafi wa kila siku. Nikaandika kwenye cron, programu inayofanya kazi kwa saa uliyoipangia:

0 11 * * *

Saa kumi na moja, si ndiyo? Kichwa changu kilikuwa cha Kiswahili na cron si Mswahili. Na mashine ilikuwa kwenye UTC, saa tatu nyuma yetu. Kwa hiyo saa 11 yake ikawa saa 8 mchana yetu, katikati ya jaribio la wanafunzi 31. Skrini zote zikafungwa kwa pamoja. Kimya kidogo, halafu simu yangu ikaanza kuita.

Sasa saa ya seva (timedatectl) iko Africa/Kampala, na cron inasema 0 5. Pembeni nimeandika maelezo: "hii ni alfajiri, Mwalimu, usiiguse."

---

MamaKibodi · Jumatatu, saa 8:10 mchana

Nimecheka mpaka wamekuja kuniangalia ofisini.

Naleta ripoti. Jana nimebadilisha sesman.ini kama mlivyosema, simu zote biti 16, nikawasha upya. Leo asubuhi Xorg ni 19, na hakuna aliyelia faili limefungwa. Wale wawili wameshikana mikono.

Ila nina mmoja, kila siku akimaliza anaacha sesheni wazi ile saa nzima na jedwali la darasa liko ndani, wenzake hawawezi kulihariri. Nimemwambia mara ngapi atoke.

---

FundiKatwe · Jumatatu, saa 8:22 mchana

Anatokaje, mama? Anachagua Log Out kwenye menyu, au anabonyeza ile X juu ya dirisha?

---

MamaKibodi · Jumatatu, saa 8:25 mchana

Ngoja nimwite.

---

MamaKibodi · Jumatatu, saa 8:33 mchana

X.